Maski Ikiwa Magotini

Kwenye kilio cha Nadège, tantine yake aliyemlea aliniita kutoka kwenye sufuria za bukari, ule ugali wetu, akanipeleka chumba cha nyuma na kufunga mlango. Alikuwa anataka picha. Alisema wametafuta nyumba nzima pale Makomeno, wametafuta kwa bwana wake na kwa kaka yake kule Kambove, hata simu ya marehemu wameifungua, na uso wake hawakuupata, isipokuwa kwenye kadi ya uchaguzi, na pale ukiangalia huwezi kujua kama ni yeye au ni mwanaume. Maiti ingetoka hospitali kesho asubuhi. Fundi wa fremu alikuwa anangoja. Tantine Euphrasie alikaa kwenye ukingo wa kitanda, mikono juu ya kitenge, akasema polepole, “Godé, ile photo iko kwako. Najua iko kwako.” Nikamwambia nitaenda kuangalia. Hakusema ni photo gani, na mimi sikuuliza.

Sikulia kwenye kilio kile. Wengine walidhani ninajikaza. Sikuwa ninajikaza, hakukuwa na kitu cha kukaza. Nilienda nyumbani kwangu, mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi, kwa mguu, nikapita sokoni na kununua chumvi kwa sababu nilikumbuka chumvi imekwisha, nikafika, nikaitoa picha mahali ilipokuwa na kuiweka juu ya cherehani. Sijui kama mtu aliyefiwa kweli hununua chumvi. Ninaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Mwaka ninaotaka kuusema nilikuwa kijana bado, nina cherehani hii hii na chumba kimoja. Shule nilikuwa nimeiacha mwaka wa pili wa sekondari, kwa hiyo mtu akinikuta nimekosea mahali asishangae. Mashine ilikaa karibu na mlango ili ipate mwanga, kitanda kilikuwa nyuma ya pazia, na mbele yangu, ng’ambo ya njia, walikuwa mafundi wa kuchomelea vyuma ambao kelele zao nilikuwa nimeacha kuzisikia. Nilishona sare za shule na vitenge vya harusi. Nadège alianza kuja kwangu mwanzoni mwa mwaka ule, akitoka kwenye masomo yake ya uuguzi, na simu mkononi. Ndani ya simu kulikuwa na picha ya mwanamke wa katuni ya Kijapani, mlinzi wa lango fulani, amevaa chuma kifuani, na usoni ana maski nyeupe yenye pembe mbili. Aliniuliza kama ninaweza kumshonea nguo ile. Nikamwuliza ni ya kwenda wapi. Akanieleza kwamba wako kikundi cha vijana wanaopenda katuni hizo, na mara moja kwa mwaka wanakodi ukumbi wa shule moja mjini, kila mtu anakuja amejivika kama mtu wa katuni anayempenda. Wao waliita kosplei. Mimi niliita kujivalisha, na neno langu nililielewa zaidi.

Kile cha kifuani tulikikata kwenye sponji ya godoro la zamani, kwa wembe, tukakipaka gundi kisha rangi ya fedha. Harufu ya gundi iliingia mpaka kwenye chakula. Tulikula bukari na dagaa wa kapenta kwenye sahani moja, chini, kwa sababu meza ilikuwa imejaa mikono na mabega ya sponji, na Nadège alikuwa anakula haraka na kusema mdomo ukiwa umejaa, jambo ambalo kwa tantine yake asingethubutu. Jirani yangu muuza mikate alichungulia siku moja akaona pembe zinakaushwa dirishani. Akauliza kama ni za bibi-arusi au za bwana. Nadège akamjibu kwamba ni za mama mkwe. Yule mama alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi, na baada ya hapo kila akipita aliuliza habari za mama mkwe, kama ameshaota jino. Ninajua walicheka. Nikijaribu kusikia kicheko chenyewe, sipati kitu.

Kikundi kilikuwa na sheria za picha. Ziliandikwa kwa Kifaransa na kubandikwa mlangoni, lakini waliona wapiga picha wa mjini hawatasimama kusoma, basi Nadège akaniomba nikae mlangoni niwaelezee kwa Kiswahili. Sheria zenyewe hazikuwa ngumu. Humpigi mtu picha kabla hujamwuliza. Akikubali, unangoja asimame vile anavyotaka yeye, kama yule wa katuni anavyosimama. Humgusi, wala silaha yake ya mbao huigusi. Ukimaliza unamwonyesha, na asipoipenda unaifuta mbele yake. Na mtu akiwa ametoa maski, anakula au anapumzika, unamwacha. Nilimwambia Nadège wazi kwamba mimi ninaona ni majivuno. Mtu anavaa pembe, anatembea katikati ya watu, halafu hataki kuangaliwa. Hakukasirika. Alikuwa anajaribu maski mbele ya kioo changu, akaitoa ili nimsikie vizuri.

“Wakati navaa, yaya, ni mi nachagua namna bataniona,” alisema, akiniita yaya kama dada yake mkubwa. “Wakati natosha maski usoni, sijachagua kintu.”

Nilimjibu kwamba ajaribu kuinama tena, nione kama bega litapasuka.

Siku yenyewe, kati ya wapiga picha waliokuja, alikuwako Papa Mwamba. Wengi Makomeno walimjua. Alikuwa mtu mzima, mwenye kizibao cha mifuko mingi, aliyepiga harusi, komunyo ya kwanza na sherehe za diploma. Kazi yao ilikuwa na desturi yake, na sioni haki ya kuilaumu, kwa sababu sote tulikulia ndani yake. Mpiga picha haulizi. Anapiga watu wakicheza, wakila, wakifuta machozi, anaenda kuzitoa kwenye karatasi, na kesho yake anazitundika ukutani nje ya kanisa au ukumbi. Unapita, unajikuta, unacheka, unachukua yako. Usipojiona, unanuna kwamba amekuacha. Albamu zote za nyumba zetu zimejaa hivyo.

Nilimsimamisha mlangoni, nikamwambia, “Papa, hapa hatupigake photo bila kuuliza. Muntu mwenye kuvaa maski, unamuuliza kwanza.” Nikaendelea na zile nyingine. Alinisikiliza kwa heshima, kofia mkononi. Akaniambia jambo la maski nisijisumbue, yeye analijua tangu utoto. Kwao maski haichezewi. Huielekezei hata kidole, na mwenye kuivaa humuiti kwa jina lake. Nilifurahi kumpata mtu mmoja aliyeelewa bila kubishana. Vijana wenye simu walinipa taabu zaidi. Mmoja aliniuliza kama mimi nimejivika kama nani, na nilikuwa nimevaa nguo zangu.

Niliona kwa macho yangu jinsi Papa Mwamba alivyofanya ndani. Alimkaribia Nadège akiwa na pembe zake, akainama kidogo, akauliza. Nadège akaweka mguu mbele, akainua mkuki. Papa alingoja. Alipiga, akamwonyesha kwenye kioo cha kamera, Nadège akatikisa pembe kukubali. Nilifikiri, basi, huyu angepaswa kukaa mlangoni badala yangu.

Mchana jua lilikuwa kali juu ya mabati, na Nadège akatoka nyuma ya ukumbi kupumua. Mimi nilikuwa nimempelekea mikate na maji. Alikaa juu ya kreti ya chupa, maski ikiwa magotini, pembe zimeelekea juu, jasho limechora mistari kwenye rangi nyeupe ya shingoni, na alikuwa anacheka kwa sababu mkate ulikuwa umeacha mafuta kwenye kifua chake cha fedha. Sikumwona Papa Mwamba akipiga picha. Nadège naye hakumwona. Sote watatu tulikuwa pale, na hakuna kilichotokea ambacho mtu angekiona.

Baada ya misa ya Jumapili iliyofuata, picha zilikuwa zimetundikwa kwenye ukuta karibu na parokia, mahali Papa Mwamba alipotundika kila mara. Watoto wa komunyo kwa nguo nyeupe, bibi-arusi mmoja, papa mmoja na diploma yake, na kati yao Nadège, uso wazi kabisa, anacheka, na kichwa cheupe chenye pembe kiko magotini kwake kama mtoto anayepakatwa. Wale waliopigwa picha wakiwa na maski hakuna aliyewatambua. Walipita mbele yao kama mbele ya matangazo. Nadège alitambuliwa na kila mtu.

Ninapaswa kuwa wa haki kwa Tantine Euphrasie. Miaka ile katika mitaa yetu watu walikuwa wanaogopa. Kulikuwa na maneno kuhusu watoto waliopewa vitu vya uchawi shuleni, kuhusu vikundi vinavyokutana, na yeye alikuwa anaongoza kikundi cha sala cha akina mama waliomletea watoto wao awaombee. Alikuwa amemlea Nadège, akamsomesha, akamsuka nywele mwenyewe kila Jumamosi. Alipofika kwenye ukuta ule, kundi la akina mama wake lilikuwa limeshasimama pale, na hakuna aliyemwambia kitu. Walimpisha tu aone. Mimi ningekuwa yeye, sijui ningefanya nini. Nimejiuliza mara nyingi na kila mara ninapata jibu lingine.

Aliniita siku ile ile kwa sababu alisikia ni mimi niliyeshona. Saluni yake, chumba cha kupokelea wageni, ilikuwa na vitambaa vya kufuma juu ya kila kiti, na saa ya ukutani yenye ndege. Sombe, yale majani ya muhogo, na samaki vilikuwa mezani, vimeandaliwa kwa ajili ya Jumapili, na hakuna aliyepakua. Picha ilikuwa juu ya kitambaa cha meza, karibu na bakuli la pilipili. Tantine hakupaza sauti. Aliniuliza ni kitu gani nilichokishona, nikamweleza, sponji, gundi, katuni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Nadège.

“Nilifikiri iko mutu alikushika kwa nguvu akakupakatisha ile kintu,” alisema. “Lakini unacheka. Nionyeshe mahali umeshikwa.”

Nadège aliinamisha macho mezani. Tantine akamwuliza ni roho ya nani ile. Akamwuliza kama kuna kiapo walichoapishwa. Akamwuliza kama alijua kwamba mtoto wa mama fulani, ambaye walikuwa wanamwombea, ameanza kuona pembe usingizini tangu mama yake aupite ukuta ule. Aliuliza kila swali akangoja, na ninafikiri alikuwa anangoja kwa kweli, mkono umeshika ukingo wa meza. Nilikuwa ninamwomba Nadège kimoyomoyo aseme chochote, hata uongo. Alikuwa anaangalia samaki. Mwishoni Tantine akasema kwamba mtu asiye na kosa angejibu, na kwamba Nadège ataenda Kambove kwa kaka yake mpaka mambo yatulie. Saa ikaimba, ndege akatoka na kurudi. Nikaaga. Hakuna aliyenisindikiza.

Mambo hayakutulia, au yalitulia bila yeye. Masomo ya uuguzi aliyaacha katikati. Nilimsaidia kufunga mizigo, akaniachia kile kifua cha fedha, nikakitumia baadaye kama mto wa kukalia kwenye kiti cha mashine mpaka kikaisha.

Papa Mwamba alikuja kwangu wiki ile, kofia mkononi tena, hakukaa. Alisema ameenda kwa Tantine kuomba msamaha, akapewa maji ya kunywa, akanywa, na hakuna aliyemjibu, basi akarudisha gilasi akatoka. Alionekana hajalala vizuri.

“Mama, munisamehe, lakini mulisema mwenye kuvaa maski,” aliniambia. “Ule mutoto hakukuwa amevaa. Ilikuwa magotini.”

Nilimjibu kwamba nilimwambia pia kuhusu wanaopumzika. Akasema hapana, hilo hakulisikia. Ninaamini nililisema. Siwezi kuapa. Kelele zilikuwa nyingi, na yeye alipokwisha kusikia neno maski, huenda moyo wake ulitulia pale pale kama wangu ulivyotulia. Kwake yeye kilichokuwa kinalindwa ni maski. Alifikiri sheria yote ni heshima ya kile kitu chenye pembe, na kikishatolewa, mtu anabaki mtu wa kawaida, wa kupigwa picha kama tunavyopigwa sote. Kwamba vijana wale walikuwa wanalinda uso ulio chini, hilo halikumwingia, na nikimwangalia pale mlangoni niliona si ujinga. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeambiwa, na nilikuwa nimeongea habari za bega.

Nilimwuliza kwa nini alichagua ile ya kutundika wakati alikuwa na nyingi. Akaitoa karatasi nyingine ya picha ile ile mfukoni, akaiangalia.

“Bale bengine bako bisanamu,” alisema. “Huyu iko muntu.”

Akaniachia. Alisema kwenye kamera ameshaifuta, na hataki kubaki nayo. Aliendelea na harusi miaka mingi, kisha akazeeka akaacha, na kila tukikutana aliniuliza habari za yule mtoto. Nilimjibu yuko Kambove, mzima. Ilikuwa kweli.

Nadège aliolewa kule, akafundisha shule ya msingi, akawa mtu mwenye utani kama zamani. Aliporudi kutembea Lubumbashi, Tantine alimpokea, walisalimiana vizuri, walikula pamoja, sitaki mtu afikiri walikuwa maadui. Lakini kamera ikitoka, hata simu, Nadège alisimama na kusema yeye atashika mifuko. Kwenye harusi za watu yuko pembeni, mikoba ya wanawake wote begani. Kwenye harusi yake mwenyewe, nimeambiwa, alikataa mpiga picha, na bwana wake akadhani ni dini. Mara moja tu nilimwonyesha ile picha, hapa hapa kwenye mashine. Aliishika muda mrefu. Akasema, “Niko muzuri pale.” Halafu akaigeuza uso chini na kuniuliza kama mafundi wa vyuma bado wanapiga kelele vile vile. Sikumwuliza kama alikuwa amesema ndiyo au hapana. Mpaka leo ninalipima neno lile na halielemei upande wowote.

Asubuhi ya maziko nilirudi Makomeno nikiwa na picha ndani ya bahasha. Jeneza lilikuwa limeshaletwa, liko wazi saluni, viti vimetolewa nje, na wanawake walikuwa wamekaa chini wakiimba. Fundi wa fremu alikuwa kwenye baraza. Nilimkuta Tantine karibu na kichwa cha jeneza, nikampa bahasha, na kabla hajaifungua nikamwambia mambo ambayo sikuwa nimewahi kumwambia. Kwamba kulikuwa na sheria siku ile. Kwamba walikuwa wanauliza kwanza, na Nadège hakuulizwa. Kwamba baadaye aliiona akasema ni mzuri pale, lakini hakusema ionyeshwe kwa watu. Nilimwambia pia kwamba mimi sijui, kwamba yeye ndiye mama, na akiamua iwekwe sitanung’unika. Nilimwambia hivyo kwa sababu ndivyo nilivyofikiri.

Tantine aliitoa picha. Alikuwa hajaiona tangu Jumapili ile, aliyoichukua ukutani aliichoma. Aliiangalia bila kubadilika uso. Akaniuliza ilikuwa inaulizwaje. Nikamwambia ni kuomba tu, kisha kungoja.

Akawanyamazisha waimbaji kwa mkono. Akainama juu ya jeneza, picha ameishika mbele yake, na kwa sauti ile ile ya siku ya sombe akasema, “Nadège, mutoto wangu. Nakuomba. Hii photo, tuiweke?”

Tulingoja. Nje mtu alikuwa anakokota benchi, akaacha. Fundi wa fremu aliingia mpaka mlangoni akasimama. Uso wa Nadège ulikuwa umepakwa poda nyingi kuliko alivyowahi kupaka, na mdomo umefungwa vizuri. Nilikuwa ninautazama nikitaka kuhisi kitu, na nikawa ninahesabu maua ya kwenye shuka. Mama mmoja wa kikundi cha sala, kwa wema, alisema polepole kwamba amenyamaza, basi amekubali, aiweke tu mama, watu wanaanza kufika.

“Siku ile pia alinyamaza,” Tantine akajibu. “Nikasema amekubali.”

Aliirudisha picha ndani ya bahasha, akanipa. Alimwambia fundi aandike jina peke yake, kwa herufi kubwa, na aliweke kwenye fremu. Kaka wa Nadège, aliyetoka Kambove, hakupendezwa, alisema watu watafikiri familia imeshindwa hata picha, na sikuona kwamba amekosea. Tantine hakubishana naye. Fremu ilitangulia mbele ya jeneza mpaka kanisani na mpaka makaburini, kioo kinang’aa, ndani karatasi nyeupe na jina. Watu wa Makomeno wanapenda kuuliza. Njia nzima nilikuwa nyuma ya Tantine, nikiwasikia wakimkaribia mmoja mmoja, wakimpa pole, kisha wakiuliza kwa sauti ndogo photo iko wapi. Kila mmoja Tantine alimjibu sawasawa, bila kuchoka, bila kuongeza neno.

“Tulimuomba. Hakujibu.”